Kioo cha simu kinachowakawaka, na kile kichupa cha matone

Kioo cha simu yangu kimetulia. Mbona mnasema kinawakawaka?

Kinawaka na kuzima upesi kuliko jicho linavyoweza kufuatilia. Simu nyingi za kioo cha OLED (aina ya kioo ambacho kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe), ukipunguza mwangaza, huzima na kuwasha mara 240 kwa sekunde au zaidi, na kadiri unavyopunguza ndivyo kipindi cha giza kinavyorefuka. Kielekezee kamera ya simu nyingine. Mara nyingi utaona mistari myeusi ikipita.

Kinapofusha?

Hapana. Wapo kinaowaumiza kichwa na kuwachosha macho, wengine hawahisi kitu. Lakini kosa si la kioo peke yake. Ukikodolea simu saa sita usiku, taa imezimwa, unasahau kupepesa. Jicho linakauka, linachoma, linakuwa jekundu.

Nilinunua matone duka la dawa, wekundu ukaisha siku ya pili. Si nimepona?

Hujapona. Soma kichupa. Kikiandikwa dexamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe: inafuta wekundu tu, ukavu uko palepale, ndiyo maana wiki ijayo unarudi dukani. Ukiitumia kwa wiki kadhaa inaweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haurudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho.

Lakini jirani aliandikiwa na daktari.

Aliandikiwa yeye, kwa ugonjwa wake, akapangiwa siku ya kurudi kupimwa. Wewe hukupimwa. Usiweke.

Hata tone moja usiku, nikichoka?

Hata moja. Samahani kwa ukali, ila kila wiki naletewa kichupa kilichofungwa kwenye leso, maandishi yamefutika kwa kushikwashikwa, na mwenyewe ananiambia kwamba vitu vya pembeni havioni vizuri, anajigonga milangoni.

Basi nifanye nini?

Washa taa ya chumba, ongeza mwangaza wa simu. Baadhi ya simu zina mpangilio wa kupunguza kuwakawaka, utafute. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20, na pepesa. Macho yakiendelea kuchoma, njoo upimwe. Huenda unahitaji miwani, au machozi ya bandia yasiyo na steroidi.

Nimeshatumia miezi mitatu. Nisubiri nione?

Usisubiri. Njoo kesho asubuhi tupime presha ya jicho, na kichupa uje nacho.