Jirga: nani aliulizwa kabla ya uamuzi?

Wanafunzi wangu wa sheria za kimila huja wakidhani jirga, yaani baraza la wazee la Wapashtuni, watu wa Afghanistan na Pakistan, ni mahakama ya kijijini isiyo na majoho. Sivyo. Hakimu hupewa mamlaka na dola. Wazee wa jirga huyapata kwa wagomvi wenyewe. Wakishaketi duara, pasipo kiti cha mwenyekiti, huwauliza kwanza wahusika: mnatupa waak? Yaani, mnatukabidhi shauri lenu tuliamue? Wakikubali, kila upande huweka machalgha, dhamana ya bunduki au fedha. Atakayekaidi uamuzi, dhamana yake imekwenda.

Ndiyo maana watu wanaipenda. Mgogoro wa maji au mpaka wa shamba huweza kwisha kwa siku chache, ilhali kesi ya aina hiyo mahakamani watoto huirithi kwa baba zao. Na palipomwagika damu, ambapo mila inadai badal, kisasi, wazee "huweka jiwe": silaha zitulie mpaka suluhu ipatikane. Roho ngapi zimeokolewa na jiwe hilo! Nasema hivyo kwa heshima ya dhati.

Lakini waak hutolewa na wanaume. Katika swara, ambayo Afghanistan huitwa baad, binti wa ukoo wa muuaji huozwa kwa ukoo wa marehemu ili damu ikome. Wakati mwingine bado ni mtoto. Duarani hakuwamo, wala hakuna aliyemuuliza. Kwa kanuni ya jirga yenyewe naona uamuzi huo ni batili, kwani anayelipa deni hakumkabidhi mtu shauri lake. Sheria ya Pakistan ya 2004 iliifanya swara kuwa kosa la jinai. Sasa adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 hadi 7. Hata Taliban waliikataza kwa amri ya Desemba 2021.

Dola nayo ina lawama zake. Kanuni za jinai za mpakani, zilizotungwa na Waingereza mwaka 1901, zilimpa ofisa wa serikali uwezo wa kuteua wazee mwenyewe, na kabila zima liliweza kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja. Jina likabaki jirga, ridhaa ikang'olewa. Hali hiyo ilidumu katika maeneo ya makabila ya Pakistan hadi 2018, yalipounganishwa na mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa.

Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Pakistan ilitamka kwamba jirga haiwezi kuhukumu kama mahakama. Iliachiwa kusuluhisha mashauri ya madai, pale pande zote zinaporidhia. Mpaka huo naukubali. Ila mfikirie mjane wa Waziristan, katika maeneo hayo ya makabila, anayetafuta nauli ya kwenda mjini, kisha anaambiwa kesi imeahirishwa. Wazee wako hatua chache tu kutoka mlangoni pake, na katika duara lao hana pa kukaa.