Cayman na kodi: mfalme hahusiki

Ukiuliza kwa nini visiwa vya Cayman, eneo la Uingereza katika Bahari ya Karibi, havitozi kodi ya mapato, utasimuliwa habari za mfalme mwenye shukrani. Februari 1794 manowari ya Uingereza, HMS Convert, na meli 9 za biashara ziligonga miamba ya East End, Grand Cayman. Wenyeji wakatoka na mitumbwi kuwaokoa mabaharia. Eti mmoja wa waliookolewa alikuwa mwana wa mfalme, naye George III akawasamehe kodi milele.

Ajali ni ya kweli. Zawadi ndiyo haina ushahidi: hakuna hati ya kifalme iliyoonekana, wala kumbukumbu ya mwanamfalme melini. Isitoshe, sensa ya 1802 ilihesabu watu 933 tu, zaidi ya nusu yao watumwa. Kodi gani ya mapato ingesamehewa hapo? Uingereza yenyewe ilianza kuitoza 1799.

Jibu liko karibu zaidi. Jamaica, ambayo Cayman ilikuwa chini yake, ilipopata uhuru mwaka 1962, Cayman ilichagua kubaki chini ya Uingereza, na mwaka 1966 ikatunga sheria ya benki na kampuni za amana, yaani zinazotunza mali kwa niaba ya wengine. Wanasheria na wahasibu ndio waliojenga neema hii.

Na serikali hula wapi? Ushuru wa forodha, ambao mwananchi huulipa dukani kwa kuwa karibu kila kitu huagizwa nje, ada za usajili wa kampuni na benki, vibali vya kazi vya wageni, na ushuru wa stempu mtu anaponunua ardhi.