Je, wajua kwa nini mchezaji wa gofu hapigi kwa nguvu upepo ukimkabili?

Siku ya mwisho ya US Open ya 1992, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, katika uwanja wa Pebble Beach, California, upepo wa bahari ya Pasifiki uliwatesa hata magwiji. Gil Morgan, aliyekuwa akiongoza mpaka siku iliyotangulia, siku hiyo alimaliza kwa mipigo 81, mingi mno kwa gwiji. Shimo la saba la uwanja huo lina urefu wa yadi 107 tu, hata mita 100 hazifiki, na siku tulivu weji, fimbo fupi ya kuupandisha mpira juu, inatosha kabisa. Tom Kite alichukua fimbo ya chuma namba 6, ambayo kwa wachezaji wa daraja lake hupeleka mpira zaidi ya yadi 150. Alikosa grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, lakini pigo lililofuata akautumbukiza mpira shimoni, na jioni akawa bingwa.

Kwa nini hakuchukua weji akaipiga kwa nguvu zake zote?

Mpira wa gofu ukipigwa sawasawa huondoka ukijizungusha kinyumenyume. Mzunguko huo, pamoja na vile vishimo vidogo vilivyoujaa, huisukuma hewa chini, nayo hewa huuinua mpira. Ndiyo maana unakaa angani muda mrefu vile. Lakini mpira haujui kasi yake juu ya ardhi. Unachokihisi ni kasi ya hewa inayoupita. Ukienda kilomita 200 kwa saa na kukutana na upepo wa kilomita 40, hewa inaupita kwa 240. Kasi imeongezeka kwa asilimia 20, ila ukinzani hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo unaongezeka kwa takriban asilimia 44. Nguvu ya kuinua nayo inapanda. Mpira unapaa, unapaa, unaishiwa mwendo, kisha unadondoka karibu wima.

Anayepiga kwa nguvu anazidisha mambo yote mawili: mzunguko na kimo. Weji ni mbaya zaidi hapo, kwa kuwa uso wake umelala na huzungusha mpira sana. Dawa ni fimbo ndefu zaidi na pigo la upole. Shika mpini chini kidogo, weka mpira karibu zaidi na mguu wa nyuma, na mikono iishie kifuani badala ya kupita bega. Mpira utatoka chini chini, na upepo hautapata cha kuupandisha. Ukicheza kwenye viwanja vya Nyali au Vipingo, pwani ya Kenya, msimu wa kusi, jifunze pigo hili kabla ya jingine lolote.

Wengi hudhani upepo wa mgongoni hurudisha kile ulichonyang'anywa na wa usoni. Haurudishi. Ukisukumwa kutoka nyuma, hewa inayoupita mpira inapungua, na nguvu ya kuinua inapungua pia, hivyo mpira unashuka mapema. Wachezaji hukadiria hivi: kwa kila maili moja kwa saa ya upepo wa usoni, ongeza asilimia 1 ya umbali, wa mgongoni, punguza nusu yake. Yadi 150 katika upepo wa maili 20 zinachezwa kama 180 ukiukabili, na kama 135 ukikusukuma. Na huo unaosukumwa ukigusa ardhi hukimbia sana, kwa hiyo ulenge utue kabla ya grini.