Visa ya matembezi haigeuki kuwa ya kuishi ukishafika Berlin

Jamani leo tuelewane kwenye hili maana nimechoka kulirudia, kila anayekuja na mpango wa Ujerumani anaanza na maneno yale yale, "we nisaidie tu nipate Schengen (ile visa ya kutembelea nchi za Ulaya), nikishafika kule nitabadilisha." Hubadilishi. Narudia, hubadilishi.

Fungua pasipoti uangalie ile stika, kuna sehemu imeandikwa aina ya visa. Ukiona herufi C ujue umepewa kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, basi. Anayeenda kusoma, kufanya kazi au kuishi na mwenzi wake anaomba visa ya taifa, herufi D, na anaiomba akiwa huku huku nyumbani kabla hajapanda ndege. Sheria yao ya ukaaji inataka uwe umeingia na visa inayoendana na kile ulichokifuata, kwahiyo ukienda ofisi ya uhamiaji ya Berlin, wenyewe wanaiita LEA, una barua ya chuo mkononi halafu kwenye pasipoti kuna C, wataku­ambia urudi kwenu ukaombe D. Kuna hali chache za kifamilia zinaangaliwa tofauti lakini hizo ni za kukaa na mwanasheria, sio za kusikia kwa wakala.

"Mbona fulani alibadilisha?" Muulize kwanza fulani ana pasipoti ya wapi. Mmarekani, Mwingereza, Mkanada, Mjapani, hao kanuni zinawaruhusu waingie bila visa na waombe kibali wakiwa kule kule. Mtanzania hayumo, Mkenya hayumo. Shangazi yako mwenye pasipoti ya Uingereza hawezi kuwa mfano wako hata kidogo.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki, ili upate hiyo C ulipeleka booking ya hoteli, tiketi ya kurudi, barua ya ruhusa kutoka kazini, yani umesema kwa maandishi kwamba unaenda kutembea na utarudi. Sasa ukifika kule ukasema umekuja kuishi, umejitolea ushahidi mwenyewe kwamba ulidanganya, na kwao kutoa taarifa za uongo ili upate visa ni kosa la jinai. Maombi yako na alama za vidole zimo kwenye mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen. Tena tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa mipakani unaorekodi kuingia na kutoka kwa uso na vidole badala ya muhuri, kwahiyo yale ya "nitazidisha wiki mbili hawatajua" yasahau. Watu wanauza viwanja kumlipa wakala kwa njia ambayo haipo, inatia uchungu kweli.

Mengine nipite haraka. Sperrkonto, ile akaunti unayoweka hela ya kujikimu ikafungiwa kabla hujasafiri, sio ada ya ubalozi, ile hela ni yako. Kwa mwanafunzi ni euro 11,904 za mwaka, unaachiwa 992 kila mwezi ukishafika, na visa ikikataliwa unarudishiwa, ukitoa makato ya waliokufungulia akaunti. Ila usikope ukijua utairudisha yote mwezi wa kwanza, haitoki hivyo.

Visa C ya multiple, yani ya kuingia mara nyingi, ya mwaka mmoja haimaanishi unakaa mwaka mmoja. Siku ni zile zile 90 ndani ya kila 180.

Kibali cha Ujerumani kinakuruhusu kwenda Paris kutembea, kufanya kazi huko hapana.

Halafu wale wa "wakikataa tutaandika barua ya kupinga", hiyo njia ya bure Wajerumani wameifuta tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa hivi ni kuomba upya na kulipa upya, au ufungue kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin. Ndio maana sikubali mtu apeleke faili lenye pengo eti tutarekebisha baadae.

La mwisho ni hili la kudhani ukipata D umemaliza. Hiyo D ni ya kuingilia, ina tarehe ya kuisha, lazima uombe kibali chenyewe LEA kabla haijaisha. Na kabla ya hapo kuna Anmeldung, kujiandikisha makazi Bürgeramt, ofisi ya huduma za wananchi, ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na hawakuandikishi bila fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Berlin vyumba ni shida, utakutana na matangazo ya chumba kizuri, bei nafuu, ila "Anmeldung haiwezekani", na watu wanachukua kwa sababu ya baridi na haraka, halafu namba ya kodi haiji, mwajiri anasumbua, kibali kinakwama. Mimi watu wangu wote nawaambia, kabla hujatuma deposit muulize mwenye chumba kwa maandishi kama atakusainia hiyo fomu, akizungukazunguka tafuta kwingine hata kama ni mbali na mjini.