Malisho ya Mabedui hayakuwa shamba la bibi

Anayepita kwenye nyika kavu za Syria, Yordani au Saudi Arabia, nchi ya Mabedui, yaani Waarabu wafugaji wa kuhamahama, haoni ua wala jiwe la mpaka. Ni rahisi kudhani kwamba kila mwenye mifugo huchunga anapotaka. Dhana hiyo iliwahi kuingia hata kwenye sheria, na madhara yake yanaonekana mpaka leo.

Sehemu kubwa ya nyika hizo, wenyewe huziita badia, hupata chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka, tena kwa kubahatisha: bonde hili linalowa, la jirani linabaki kavu. Familia iliyofungiwa kwenye kipande kimoja isingedumu. Kwa hiyo kila kabila lilikuwa na himaya yake pana, iitwayo dira, yenye malisho ya msimu wa mvua pamoja na visima vya kiangazi. Majani yalikuwa ya kabila zima. Kisima kilikuwa cha ukoo uliokichimba na kukitunza. Watu wa kabila jingine waliomba ruhusa kabla ya kuingia, na kuwakubalia ilikuwa busara, maana mwaka unaofuata huenda mvua ingenyesha kwao.

Maji ndiyo yaliyopanga mwendo wa mifugo. Ngamia huvumilia kiu kwa siku nyingi, hivyo aliyafikia malisho ya mbali. Kondoo wakati wa joto hawezi kukaa mbali na kisima. Maji yakiisha, kundi lilihama na majani yakapata nafasi ya kuchipua.

Palikuwa pia na hima, yaani malisho yaliyotengwa. Hima nyingine hazikuchungwa kabisa. Watu walikata majani kwa mkono wakati wa ukame. Nyingine zilifunguliwa kwa msimu tu, au kwa idadi na aina maalumu ya wanyama. Zilikuwepo hata za nyuki, zilizofungwa wakati wa maua. Utaratibu huu ni wa kale kuliko Uislamu. Kabla ya hapo wakubwa walijitengea malisho kwa nguvu zao, Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza hilo, hima ikabaki kwa maslahi ya umma. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Khalifa Umar alimwagiza msimamizi wake, Hunayy, awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri wawili, Ibn Awf na Ibn Affan. Hao, alisema, mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kukimbilia. Lakini maskini, mifugo yake ikifa, atakuja kwa Umar na watoto wake kuomba msaada. Kwangu mimi, hakuna maelezo bora zaidi ya kazi ya malisho ya pamoja.

Kisha dola zikaingia. Mwaka 1953 amri ya kifalme ya Saudi Arabia ilizifungua hima kwa wote. Mwaka 1958 Syria ilifuta mamlaka ya makabila na kuifanya badia mali ya serikali. Nia ilikuwa usawa, lakini mwenye haki ya kumzuia mgeni aliondolewa na hakuna aliyechukua nafasi yake. Yakaja malori ya maji na shayiri ya ruzuku. Kundi ambalo zamani lingeondolewa na kiu sasa linabaki palepale hadi vichaka vinang'olewa pamoja na mizizi, na anayenufaika zaidi ni mwenye uwezo wa kununua lori. Agizo la Umar limegeuzwa juu chini.

Mtaalamu wa malisho kutoka Misri, Omar Draz, aliliona hili mapema. Alizichunguza hima za Saudi Arabia katika miaka ya 1960, kisha akasaidia kuurudisha utaratibu huo Syria kupitia vyama vya ushirika vya wafugaji. Katika miaka ya karibuni jamii ya Bani Hashem, mkoani Zarqa nchini Yordani, ilikubaliana kulifunga eneo lake kwa muda. Mimea ya asili ilirudi, ikiwemo shihi, ambayo watu huichemsha kama dawa.