Bila makaratasi Marekani, nani anakulisha?

Kijiweni karibu na stendi ya Moshi, kikombe cha kahawa mkononi, kijana anaapa: Marekani hata ukiingia kwa njia za panya, serikali inakulisha. Sivyo, mdogo wangu. Kwa sheria ya 1996, asiye na kibali hapati kuponi za chakula wala Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Kwake yeye, Medicaid hulipia matibabu ya dharura tu. Na kodi wengi wao wanakatwa, hata ya pensheni wasiyoruhusiwa kuidai! Watoto wao husoma, ndiyo: mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliizuia Texas kuwafungia shule. California nayo ilijaribu kuwafungia kwa kura mwaka 1994, mahakama ikagoma. Ugomvi wa sasa ni kuhusu hayo machache, pamoja na huduma ambazo baadhi ya majimbo yanalipia yenyewe.