Basilika si kanisa kubwa

Siku hizi Nairobi kila kanisa la Kikatoliki lenye mnara mrefu linaitwa basilika. Kadi za harusi ndizo zimezidi.

Maana zenyewe ni fupi. Parokia ni jumuiya ya waamini waliokabidhiwa paroko, na wanaposali ni kanisa la parokia, hata likiwa la mabati. Kanisa kuu ni lile lenye kiti cha askofu. Basilika ni hadhi inayotoka kwa Papa.

Kinachowachanganya watu ni Familia Takatifu ya katikati ya jiji, kwa sababu ni vyote vitatu kwa pamoja: ina paroko wake, ina kiti cha Askofu Mkuu wa Nairobi, na mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II aliifanya basilika ndogo. Naam, ndogo, pamoja na ukubwa wote ule, kwa kuwa zenye cheo cha basilika kubwa ni nne tu na zote ziko Roma. Jengo lilichorwa na msanifu Dorothy Hughes, likakamilika 1963. Kwa hiyo karibu miaka 20 watu walisali mle mle, na haikuwa basilika. Cheo kililetwa na barua ya Roma, si na waashi.

Linaloudhi zaidi ni kudhani umbo ndilo linaloamua. Mtu anaona mawe na matao yaliyochongoka ya All Saints ya Waanglikana, kazi ya msanifu Temple Moore, anasema hiyo ndiyo basilika. Familia Takatifu, ya zege, anaiona kama jengo la ofisi. All Saints ni kanisa kuu, basi, maana askofu wao ana kiti pale. Hata Roma, kanisa kuu la Papa ni la Laterani, wala si la Mtakatifu Petro ambalo wengi wangelitaja. Na kule Yamoussoukro, Ivory Coast, kuna basilika yenye jengo kubwa ajabu, lakini askofu kiti chake kiko kwingine, katika kanisa la Mtakatifu Augustino.

Umri nao haupandishi cheo. St. Austin's ilianzishwa 1899 na wamisionari wa Roho Mtakatifu, wale waliopanda kahawa, na bado ni parokia. Ukifungia harusi huko, andika tu “Kanisa la Parokia ya St. Austin's”. Wageni watafika Muthangari vilevile.